Lukwangule: Historia ya Mlima Unaounywesha Mji

Upanga ni eneo tambarare la katikati ya Jiji la Dar es Salaam, lililogawanywa katika kata mbili za Upanga Mashariki na Upanga Magharibi, na kwa kuwa liko mita chache tu juu ya usawa wa bahari, mtu anayesimama juu ya paa la ghorofa lolote la huko haoni mlima wa aina yoyote. Hata hivyo maji yanayopandishwa kwa pampu hadi kwenye simtanki za juu ya paa hilo, pamoja na sehemu kubwa ya njegere, karoti na kabichi zinazofikishwa katika masoko ya Kisutu na Kariakoo kabla jua halijachomoza, yana asili moja, nayo ni Milima ya Uluguru, iliyoko takriban kilomita 200 magharibi mwa jiji, katika Mkoa wa Morogoro. Katika sehemu ya juu ya milima hiyo upo uwanda wa nyasi uitwao Lukwangule, ambao wakazi wengi wa mji hawajapata kuusikia ingawa hunywa maji yake. Historia ya uwanda huo, na ya njia zinazoupandia, inaonyesha jinsi pwani ilivyouomba mlima mvua, ikautoza watu na kazi, ikanunua chakula chake, na mwishowe ikautegemea kwa maji. Na katika vipindi vyote hivyo jambo moja limejirudia, kwamba mlima ulitoa kwa wingi pale watu wake walipoheshimiwa na kulipwa, na ulifunga mkono pale walipoamrishwa.

Umbo la mlima

Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, jina ambalo wataalamu wameupa mlolongo wa milima ya kale inayoanzia Vilima vya Taita nchini Kenya, ikashuka kupitia Upare, Usambara, Nguru na Ukaguru, hadi Udzungwa na Mahenge upande wa kusini. Kilimanjaro na Meru ni milima ya volkano, na kwa kipimo cha umri wa dunia imezaliwa juzi. Miamba ya Tao la Mashariki ina umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, na inakadiriwa kwamba milima yenyewe ilianza kuinuka miaka isiyopungua milioni 30 iliyopita, pale ganda la ardhi lilipopasuka na vipande vyake kusogeana. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zikiwa na unyevu hupita juu ya pwani bila kizuizi kikubwa, zikafika Uluguru na kulazimika kupanda. Zinapopanda hupoa, na zinapopoa huangusha mvua. Kwa sababu hiyo miteremko ya mashariki, inayotazama baharini, hupata mvua inayokaribia milimita 3,000 kwa mwaka, na mahali pengine kuzidi, ilhali miteremko ya magharibi iko katika kile kinachoitwa kivuli cha mvua, yaani upande ambao mawingu huufikia yakiwa yamekwisha kupunguza mzigo.

Safu hiyo ina sehemu mbili. Uluguru Kaskazini, yenye vilele vya Lupanga na Bondwa vinavyopita mita 2,100, imesimama moja kwa moja juu ya mji wa Morogoro, na kila asafiriye kwa barabara kuu huiona. Uluguru Kusini iko mbali zaidi, imetenganishwa na ile ya kwanza na bonde la Bunduki, na ndiyo iliyo juu zaidi, kwa maana kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Uwanda wa Lukwangule uko katika sehemu hii ya kusini, kwenye kimo cha kati ya mita 2,400 na 2,600 hivi, ukizungukwa na msitu wa miti mifupi iliyopinda kwa upepo pamoja na vichaka vya mianzi. Wataalamu wa mimea hutofautisha uwanda wa namna hii na nyika za juu kabisa za Kilimanjaro, ambako baridi huzuia miti kuota. Lukwangule haifikii kimo hicho, na nyasi zake zinaelezwa kwa kuunganisha sababu kadhaa, zikiwemo baridi ya usiku, udongo uliojaa maji kiasi cha kuoza mizizi ya miti, na moto ambao mara kwa mara umepita juu yake.

Nyasi zinazotawala hapo ni za spishi iitwayo Panicum lukwangulense, iliyopewa jina la uwanda wenyewe. Huota kwa mafungu magumu yaliyosimama kama vichuguu vidogo, na kati ya fungu na fungu kuna udongo mweusi wa mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana bila kuoza kabisa kwa sababu ya baridi na unyevu. Anayetembea hapo hukanyaga juu ya mafungu, kwa kuwa mguu ukiteleza katikati huzama, na maji hujikusanya ndani ya alama ya unyayo hata siku ambayo mvua haikunyesha. Vijito vinavyochuruzika kutoka kwenye mboji hiyo ndivyo vinavyoanzisha Mto Mgeta, unaokwenda kujiunga na Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoishia baharini karibu na Bagamoyo.

Uwezo huo wa kushika maji umepimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tamás Pócs, mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Morogoro, alichunguza mimea midogo ya jamii ya kuvumwani inayoishi juu ya matawi ya miti mikubwa bila kuinyonya, akakuta kwamba katika msitu mfupi wa ukungu, karibu na kilele cha Bondwa, mimea hiyo pekee ilifikia takriban tani 14 za uzito mkavu kwa hekta, na kwamba ilikuwa na uwezo wa kunasa hadi lita 50,000 hivi kwa hekta katika mvua moja. Maji yaliyonaswa namna hiyo huachiwa polepole, na ndiyo sababu mito ya Uluguru haikauki mvua inapokoma. Mwaka 2009 watafiti wengine walichapisha matokeo ya kuchimba mboji ya kinamasi cha Deva Deva, katika Lukwangule, ambako chavua za mimea zilizohifadhiwa tabaka kwa tabaka zilitoa kumbukumbu ya miaka 48,000 hivi. Kumbukumbu hiyo inaonyesha kwamba hata katika enzi ya barafu, wakati nchi nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa kavu, msitu wa mlimani uliendelea kuwepo. Utulivu huo mrefu wa unyevu ndio unaoeleza kwa nini Uluguru ina viumbe wasiopatikana pengine popote duniani.

Wenye mlima na waombaji wa pwani

Waluguru, kwa mujibu wa simulizi za koo zao, waliingia mlimani kwa makundi, wakitokea nchi za chini, na kila ukoo uliofyeka sehemu ya msitu ukawa ndio wenye ardhi ya sehemu hiyo. Ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, hivyo mtoto alirithi ardhi kupitia kwa mama na wajomba zake, na mkuu wa ukoo alikuwa mgawaji wa mashamba na pia mtunza matambiko. Juu ya koo hizo hapakuwa na mfalme mmoja, ingawa wapo viongozi waliosikilizwa kwa sababu ya uwezo walioaminiwa kuwa nao juu ya mvua, na aliyejulikana zaidi ni mwenye cheo cha Kingalu, katika nchi ya Kinole, upande wa mashariki wa Uluguru Kaskazini. Katika karne ya 19, misafara ya watumwa ilipozidi kupita katika nyanda za chini kati ya Bagamoyo na bara, mlima ulikuwa kimbilio. Wasafiri wa Ulaya Richard Burton na John Speke walipita chini yake mwaka 1857, na mwaka 1871 msafiri mwingine, Henry Stanley, aliuona mji wenye ngome uliojengwa na mtawala Kisabengo kwenye eneo la Morogoro ya leo, ukiwa chini ya binti yake Simbamwene. Lakini misafara hiyo ilizunguka milima, haikuipanda.

Waliopanda walikuwa watu wa pwani wenye haja. Katika upande wa kusini-mashariki wa Uluguru lilikuwepo pango la Kolelo, mzimu ulioelezwa kuwa na umbo la nyoka mkubwa, na ukame ulipokithiri katika nchi ya Wazaramo, ambayo ndiyo nchi iliyoizunguka Dar es Salaam, wajumbe walitumwa kwa miguu hadi pangoni wakiwa na zawadi, wakapeleka maombi yao kupitia kwa watunzaji wa mahali hapo, kisha wakarudi na majibu yaliyokuwa na uzito wa sheria. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, jina la Kolelo lilitajwa miongoni mwa Wazaramo pamoja na agizo la kutowalipa kodi Wajerumani, jambo linaloonyesha kwamba mamlaka ya mlima juu ya pwani yalikuwa yamevuka mambo ya mvua. Anayechunguza desturi hiyo kwa makini huona ndani yake maarifa ya kweli kuhusu nchi, kwa kuwa watu wa pwani walikwisha kutambua kwamba neema yao ya maji inaanzia Uluguru, na kwamba kuna watu wa kuwaendea kwa adabu kabla ya kuipata.

Wakusanyaji wa mimea, reli na mipaka ya misitu

Mapadre Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu, ambao kituo chao cha kwanza cha bara kilifunguliwa Bagamoyo mwaka 1868, walifika Morogoro mwaka 1882 na Matombo, mashariki mwa mlima, mwaka 1897. Kati ya miaka hiyo walianza kuja pia wasafiri wa elimu. Franz Stuhlmann, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Kijerumani, alisafiri Uluguru mwaka 1894, akapanda hadi Lukwangule na kupeleka Berlin mimea aliyoikusanya. Na mwaka 1898 akafuata Walter Goetze, ambaye mwaka uliofuata alifariki akiwa bado safarini kusini mwa nchi, akiwa kijana wa umri wa miaka 27. Miongoni mwa mimea ya Goetze lilikuwemo ua dogo la kivulini ambalo mtaalamu wa mimea Adolf Engler aliliita Saintpaulia goetzeana mwaka 1900, nalo ni la jamii ya maua ambayo leo hufugwa ndani ya vyungu katika nyumba za Ulaya na Marekani. Mwaka 1926 Arthur Loveridge, akikusanya viumbe kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Harvard, alipata ndege ambaye sayansi haikumjua, mwenye kichwa cheusi na tumbo la manjano, na ambaye makao yake yanayojulikana mpaka leo ni misitu ya Uluguru. Majina ya wakusanyaji yamo ndani ya majina ya mimea na ndege. Ya Waluguru waliowaonyesha njia na kubeba mizigo yao hayamo, ingawa njia hizo zilikuwa zao.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907, na tangu hapo mlima uliokuwa mwendo wa siku nyingi kwa miguu ukawa safari ya siku moja. Mwaka 1909 utawala wa Kijerumani uliweka mipaka ya hifadhi za misitu ya Uluguru, ukizuia kilimo katika sehemu za juu, pamoja na Lukwangule. Lengo la kulinda vyanzo vya maji lilikuwa na maana, na pasipo mipaka hiyo pengine msitu wa juu usingefika karne hii. Lakini mipaka iliwekwa bila kuwashauri wakuu wa koo ambao makaburi na matambiko yao yalibaki ndani yake, na kuanzia hapo Mluguru aliyeingia katika msitu wa wajomba zake alihesabiwa kuwa mvamizi.

Wapagazi wa Kariakoo

Vita Kuu ya Kwanza iliunganisha mlima na mji kwa namna ya uchungu. Majeshi ya Uingereza na washirika wake yaliiteka Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na Dar es Salaam ikaanguka mwanzoni mwa Septemba. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alirudi nyuma akipita pande zote mbili za Uluguru, na waliomfuata walikuta kwamba njia za mlimani zilifaa kwa nyayo za watu tu, hivyo magari na mizinga vikabaki nyuma na kila kitu kikawa cha kubebwa kichwani. Vita vilikwama kando ya Mto Mgeta, katika nyanda za chini kusini mwa milima, kuanzia Septemba hadi siku ya kwanza ya Januari 1917, askari na wapagazi wakiugua na kufa kwa malaria, kuhara na njaa.

Jeshi la Uingereza lilihitaji wapagazi wasiohesabika, na huko Dar es Salaam kambi yao iliwekwa katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelitengea soko. Eneo hilo likabaki na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, likitamkwa Kariakoo. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki wapagazi waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, wengi wakiwa hawakuandikwa majina. Waluguru nao walichukuliwa na pande zote mbili, na chakula chao kikatwaliwa ghalani. Ndivyo Kariakoo, kabla haijawa soko la mazao ya mlimani, ilivyokuwa mahali pa kukusanyia watu waliolazimishwa kubeba vita vya wengine.

Matuta ya 1955

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliingiwa na wasiwasi kuhusu mmomonyoko wa udongo Uluguru, kwa kuwa mashamba yalikuwa yamepanda kwenye miteremko mikali na mito iliyoelekea pwani ilikuwa ikibeba matope mekundu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulianzishwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, uliowataka wakulima wachonge matuta ya ngazi, yaani mashamba bapa yaliyokatwa kwenye mteremko yakifuatana kama vipandio, na atakayekaidi ashitakiwe. Upande wa magharibi, katika Mgeta, matuta hayo yalikuwa na faida, kwa kuwa maji ya mifereji yaliweza kuongozwa juu yake na mboga zikastawi. Upande wa mashariki, katika Matombo, udongo wenye rutuba ulikuwa tabaka jembamba, na kuuchimba kwa kina kulifukia rutuba hiyo na kuleta juu udongo usiozaa. Mkulima aliyetii alivuna kidogo kuliko jirani yake aliyekaidi. Waluguru walikuwa na ufundi wao wa kukata vipandio vidogo na kufukia majani ndani yake, lakini wapangaji hawakuuhesabu kuwa maarifa.

Mwaka 1955 hasira ilifurika. Umati ulikusanyika katika upande wa Matombo kupinga matuta, polisi wakaitwa, risasi zikafyatuliwa na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango wa kulazimisha uliachwa. Mambo hayo yalitokea mwaka mmoja tu baada ya chama cha TANU, kilichopigania uhuru, kuanzishwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ambao leo ni Lumumba, kwenye ukingo wa Kariakoo, na katika mji ambao Waluguru walikuwa miongoni mwa makabila yenye watu wengi zaidi. Upinzani wa matuta Uluguru, kama ule wa Usambara, ukawa hoja ya taifa zima dhidi ya utawala usiosikiliza. Kwa upande wa udongo, hasara ilikuwa ya muda mrefu, kwa maana neno tuta lilibaki na harufu ya bakora, na kwa miaka mingi wataalamu wa kilimo waliofika Matombo na ushauri mzuri walipokewa kwa shaka.

Mboga zashuka, watu washuka

Mgeta ilifuata njia tofauti. Mbegu za mboga za nchi za baridi zilizoletwa na wamisionari na walowezi zilikubali hali ya hewa ya huko, na wakulima wakazifanya kuwa zao. Kutoka Nyandira, Langali na Tchenzema, vijiji vilivyoko chini ya Lukwangule, njegere, kabichi, karoti, viazi mviringo, pichi na plamu zilianza kushuka hadi Morogoro na kutoka hapo hadi Dar es Salaam. Mazao hubebwa kichwani kutoka shambani hadi gulioni, hasa na wanawake, hupimwa kwa debe au kujazwa katika magunia ya lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kichwa cha majani na kamba hadi likapita ujazo wake halali, kisha hupakiwa kwenye malori yanayosafiri usiku ili yafike sokoni alfajiri. Mkulima wa Mgeta amelalamikia lumbesa kwa miaka mingi, kwa kuwa bei hutajwa kwa gunia na kile kilichoongezwa juu hakilipwi.

Biashara hiyo iliwashusha na Waluguru wenyewe. Watafiti waliochunguza Kariakoo mwishoni mwa karne ya 20 walikuta vijana wengi kutoka Mgeta wakiwa madalali, wachukuzi na wachuuzi wa mboga, wakiingia katika biashara kwa kupokewa na ndugu au watu wa kijiji kimoja, wakirudi mlimani wakati wa kilimo na kushuka tena baada ya mavuno. Jengo kubwa la Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, lilifunguliwa mwaka 1975, na paa lake la miavuli ya zege likawa alama ya mji. Liliungua Julai 2021 na kazi ya kulijenga upya ikafuata. Moto huo uliunguza bidhaa za wafanyabiashara wa mji.

Mabomba ya Ruvu

Upanga ya leo ilianza kupangwa katika miaka ya 1950, hasa kwa ajili ya makazi ya Waasia, na mwaka 1956 hospitali iliyokuja kuitwa Muhimbili ilifunguliwa upande wake wa magharibi. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu 128,742 katika mji wote wa Dar es Salaam, na visima pamoja na vijito vya karibu havikutosha tena. Mwaka 1959 ulikamilika mtambo wa Ruvu Juu, karibu na Mlandizi, na mwaka 1976 ukaongezwa mtambo wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Tangu hapo sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka katika Mto Ruvu, na Ruvu hupata sehemu kubwa ya maji yake ya kiangazi kutoka Uluguru. Majumba mengi ya Upanga yalitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971, na tangu miaka ya 2000 nyumba za ghorofa mbili na tatu zimekuwa zikibomolewa kupisha minara ya ghorofa kumi na zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wao wameelekeza mabomba yao katika mto uleule.

Mlima, kwa upande wake, umepungua. Ulinganisho wa picha za anga za mwaka 1955 na za setilaiti za mwishoni mwa karne ulionyesha kwamba misitu ya Uluguru ilishuka kutoka takriban kilomita za mraba 300 hadi 230 hivi, na iliyopotea zaidi ni ile ya miteremko ya chini iliyokuwa nje ya hifadhi. Mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya misimu ya mvua haba, uzalishaji wa maji kutoka Ruvu ulitangazwa kushuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi lita milioni 300, mji ukaingia katika mgawo mkali, na katika mitaa ya Upanga na Kariakoo malori ya kuuza maji na mikokoteni ya madumu ikachukua nafasi ya bomba. Serikali ilitia saini mwaka huohuo mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda, katika Mto Ruvu, litakaloweza kuhifadhi lita bilioni 190.

Hifadhi na njia za kupanda

Mwaka 2008 hifadhi za misitu za Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki ziliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye hekta 24,115, daraja linalozuia kabisa ukataji wa miti lakini linaloruhusu utafiti na utalii. Usimamizi wake uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2006, ulijaribiwa mpango ambao mashirika ya CARE na WWF yaliusimamia katika Kibungo, mashariki mwa mlima, ambamo watumiaji wakubwa wa maji wa Dar es Salaam, likiwemo shirika la maji la jiji, walichangia malipo kwa wakulima waliotunza miteremko. Wakulima hao walichimba makingamaji na matuta ya ngazi, kazi ileile ambayo baba zao waliipinga mwaka 1955, kwa kuwa safari hii walichagua wenyewe mahali pa kuchimba, wakafundishwa kurudishia udongo wa juu pamoja na samadi, na wakalipwa. Mpango ulikuwa mdogo na wa muda, lakini ulithibitisha kwamba kilichokataliwa zamani kilikuwa amri, wala haikuwa kazi yenyewe.

Anayetaka kuufikia mlima leo hupata kibali na mwongozaji katika ofisi ya hifadhi mjini Morogoro, na tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa imeufanya mji huo kuwa karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko wakati wowote uliopita. Wengi huishia Morningside, nyumba ya mawe iliyoachwa na Wajerumani juu ya mji, au huendelea hadi Bondwa na Lupanga. Wachache hupanda hadi Lukwangule, kwa kuwa lazima kwanza wasafiri kwa gari hadi Mgeta kupitia barabara inayozunguka mabonde, kisha waanze kupanda kwa miguu kutoka Tchenzema, wakipita mashamba ya njegere yaliyopangwa kwa matuta, halafu mpaka wa hifadhi, msitu wa ukungu, mianzi, na hatimaye nyasi. Njia hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Ni njia ya wenyeji, ambayo kwa vizazi vingi imewaunganisha watu wa magharibi na ndugu zao wa mashariki, na kila mgeni anayeipita hupita katika nchi ya watu.

Historia hii inatoa fundisho kwa wanaopanga maji ya jiji. Wazaramo waliopeleka zawadi kwa Kolelo, wachuuzi wa Kariakoo waliolipia njegere kwa fedha, na wachangiaji wa Kibungo waliolipia udongo usiteremke walikuwa na jambo moja la pamoja, kwamba waliuendea mlima wakiwa na kitu mkononi. Maofisa wa mwaka 1909, makamanda wa mwaka 1916 na wapangaji wa miaka ya 1950 waliuendea wakiwa na amri, na kila mara gharama ilirudi pwani kwa sura ya njaa, uasi au matope. Bwawa la Kidunda litahifadhi maji, lakini halitayazalisha; litajaa kwa kadiri ambayo mboji ya Lukwangule na kuvumwani wa misitu inayoizunguka vitaachia, na vitaachia kwa kadiri ambayo mkulima wa Tchenzema na wa Matombo ataona kwamba kuvitunza kunamlisha yeye na watoto wake. Kwa hiyo bili ya maji inayolipwa Upanga haitakuwa imekamilika mpaka sehemu yake, kwa utaratibu wa kudumu na unaojulikana kisheria, ipande mlimani kwa watu ambao wamekuwa wakiulinda tangu kabla mji haujakuwepo.